Maili za ndege ukihamia Marekani: SkyMiles, Flying Blue, MileagePlus na wenzao, ipi inamfaa mtu wa kurudi nyumbani akijaliwa

Niseme mapema kabisa kwamba hizi programu za maili (pointi unazowekewa ukipanda ndege, baadaye unakatia tiketi) hazikutengenezwa kwa ajili yetu, zimetengenezwa kwa yule jamaa wa kampuni anayepanda ndege kila Jumatatu kwa hela ya bosi. Sisi tuliohamia huku mambo yetu yanajulikana, unaenda nyumbani mara moja kwa mwaka ukijaliwa sana, na wengi wetu ni baada ya miaka miwili mitatu, mpaka makaratasi yakae sawa, mpaka nauli ya watu wanne ipatikane, mpaka kazini wakuruhusu wiki nne mfululizo. Kwa hiyo mimi nikipima hizi programu siangalii launji wala picha za viti vya mbele, nauliza kwanza maili zangu zitakaa muda gani kabla hawajazifuta.

Na hapo ndipo utaona watu wengi wamejiunga kusikotakiwa. Mtu anaondoka Dar na shirika fulani, dada wa kaunta anampa fomu au anaona tangazo kwenye skrini ya kiti, anajiunga na programu ya shirika hilo hilo, anafika, anakaa miaka mitatu hajasogea, siku anafungua akaunti inasoma sifuri. Wakati angeweza kupanda ndege ile ile, kiti kile kile, maili zikaenda kwenye programu nyingine ambayo haifuti. Hili watu wengi hawalijui na ndio kiini cha yote nitakayosema hapa: ndege unayopanda na programu unayowekea maili sio lazima viwe vya kampuni moja. Mashirika yako kwenye miungano mikubwa mitatu, Star Alliance, SkyTeam na oneworld, na ukiwa mwanachama wa shirika moja ndani ya muungano unaweza kuwekewa maili ukipanda la mwenzake. Ethiopian yuko Star Alliance tangu 2011, pamoja na Turkish, United, Air Canada na Lufthansa. Kenya Airways yuko SkyTeam na KLM, Air France na Delta. Qatar yuko oneworld na British Airways na American, na Oman Air naye aliingia humo katikati ya 2025, ndugu zetu wa Muscat na Unguja hiyo ni habari njema kwenu. Emirates yeye haingii muungano wowote, ana marafiki mmoja mmoja tu kama United na Air Canada.

Sasa tuje kwenye kufutwa maili. Emirates Skywards maili zinaishi miaka mitatu na zinakufa mwisho wa mwezi wako wa kuzaliwa, yaani zawadi ya bethdei ni kupokonywa maili. ShebaMiles ya Ethiopian ni miaka mitatu pia. Turkish vilevile miaka mitatu hesabu ikifika mwisho wa mwaka. Hizi zote hazijali kama umepanda ndege juzi, zile maili za zamani zinakwenda tu. Flying Blue ya KLM na Air France ni miezi 24 kwa mwanachama wa kawaida, ila hapa kuna unafuu, ukipanda ndege yao au ya SkyTeam ndani ya hiyo miezi, zote zinaanza kuhesabiwa upya. Qatar ni miezi 36 na kila ukiingiza au kutumia Avios (ndio jina la maili zao) kidogo tu saa inaanza upya, hiyo ni nzuri. American wao ni miezi 24 bila shughuli yoyote, Aeroplan ya Air Canada miezi 18. Halafu kuna Delta na United ambao maili zao hazifi kabisa, Delta walifuta mambo ya muda mwaka 2011, United wakafuata 2019.

Umeshaona naelekea wapi.

Mimi niko Minnesota, na kwa mtu wa Minneapolis maisha ni rahisi sababu uwanja wetu ni ngome ya Delta na kuna ndege ya moja kwa moja mpaka Amsterdam, pale unapanda KLM ya Dar au ya Kilimanjaro, umebadilisha mara moja tu umefika. Kwa hiyo kwangu mimi mjadala ulikuwa ni kati ya Flying Blue na SkyMiles ya Delta, maana ndege ni zile zile na tofauti iko kwenye akaunti gani unaandika.

Flying Blue nilipenda kwa macho. Apu yao nzuri, kila mwezi wanatoa ofa wanaita Promo Rewards za tiketi za maili kwa punguzo, na karibu kadi zote kubwa za Marekani zinakuruhusu kuhamishia pointi kwao. Ila piga hesabu na mimi. Tangu 2018 hawahesabu tena umbali, wanahesabu hela, mwanachama wa kawaida anapata maili 4 kwa kila euro ya nauli bila kodi za viwanja. Tiketi yenye euro 1,000 za nauli inakupa maili 4,000. Tiketi ya maili kati ya Ulaya na Marekani peke yake bei ya chini ilikuwa 20,000 wakapandisha kuwa 25,000 Januari 2025, hiyo ni njia moja na bado hujafika Dar. Na ukitaka kupanda daraja, Silver inataka XP 100 ndani ya mwaka, XP ni pointi za kupandia daraja, sio maili. Kipande cha Dar hadi Amsterdam kwa ikonomi kinakupa XP 10, Amsterdam hadi Minneapolis 10 nyingine, kwenda na kurudi jumla 40. Yaani mtu aliyevuka bara na bahari, masaa ishirini na kitu hewani na uwanjani kila upande, begi kilo 23 mara mbili na la mkononi limejaa dagaa na unga wa muhogo, anatakiwa aende nyumbani mara tatu ndani ya mwaka mmoja ndio apate daraja la chini kabisa. Nani huyo jamani.

SkyMiles basi. Wamarekani wenyewe wanaitukana, wanaiita SkyPesos kwa sababu mwaka 2015 Delta waliondoa jedwali la bei, sasa tiketi ya maili inapanda na kushuka wanavyotaka, leo utakuta Minneapolis–Amsterdam bei ya kuvutia kesho mara tatu yake. Lawama ni za kweli. Ukiwa na haraka, ukitaka tiketi ya Desemba wakati watu wote wanaenda nyumbani, utalia. Lakini mimi sina haraka, na ndio uzuri wenyewe, maili zinakaa pale zinanisubiri mwaka wa kwanza, wa pili, wa nne, hazichachi, siku bei ikishuka nanunua. Na kwa mtu aliyekata tiketi kwa KLM au Kenya Airways, sio kwa Delta, SkyMiles wanahesabu kwa umbali na herufi ya nauli badala ya dola, na sisi umbali tunao wa kumwaga, Dar hadi Minneapolis kupitia Amsterdam ni kama maili 8,700 njia moja.

Hapa lazima nisimame kidogo kwenye herufi sababu ndipo watu wanapoibiwa bila kujua. Kila tiketi ya ndege ina herufi ya daraja la nauli, wote mmekaa ikonomi lakini wewe una herufi moja jirani yako ana nyingine, na herufi ndio inaamua utapata asilimia mia ya umbali, au hamsini, au ishirini na tano, au hola. Zile tiketi za bei ya kutupwa unazopata kwa wakala, mara nyingi ndio zenye herufi za hola. Sikwambii uache tiketi ya bei chee kwa ajili ya maili, hapana, kama tofauti ni dola 200 chukua ya bei chee na maili zisahau. Ila muulize wakala kabla hujalipa, hii ni herufi gani, halafu nenda kwenye ukurasa wa programu yako uangalie shirika hilo na herufi hiyo vinalipa nini. Na kama unataka kujua tiketi yako ni ya nani hasa, angalia namba tatu za mwanzo za namba ya tiketi, 006 ni Delta, 074 KLM, 706 Kenya Airways, 071 Ethiopian, 016 United, 157 Qatar, 176 Emirates. Unaweza kuwa umepanda ndege ya KLM yenye rangi ya bluu na tiketi ni 006, basi hapo Delta watakuhesabia kwa dola, maili 5 kwa dola.

Daraja la Delta sahau kabisa, Silver yao sasa inataka uwatumilie dola 5,000 kwa mwaka wa hesabu yao na Gold 10,000. Mimi nikiwa na dola 5,000 za ndege kwa mwaka naleta familia nzima huku.

Kama unahamia Washington, Chicago, Houston, Denver, Newark au San Francisco, hiyo ni miji ya United na jibu langu linabadilika. Ethiopian anatua Washington, Chicago na Newark, Turkish naye anafika karibu kote na upande wa kwetu anatua Dar, Zanzibar, Kilimanjaro, Nairobi, Entebbe na Kigali, hao wote waandikie MileagePlus, programu ya United. Hazifi, tiketi za maili hawakubandiki ile tozo ya mafuta ambayo mashirika mengine wanakubandika hadi unajiuliza hii ya bure bure gani. Ethiopian kwa mizigo na nauli mimi nawakubali, ukiacha kwamba ikitoka Addis kuja Marekani huwa inatua mahali kunywa mafuta kwanza, Addis iko juu sana kama mita 2,300 na hewa nyepesi haibebi ndege iliyojaa mafuta, abiria na mizigo yetu yote. Ila ShebaMiles yenyewe kama programu naiona inamfaa mtu anayebaki Afrika na kuzunguka, mtu wa Dar–Addis–Lagos–Johannesburg kikazi, huyo atapata Gold ya Star Alliance na begi la ziada kila safari. Mhamiaji wa mara moja kwa miaka miwili, hapana.

Dallas ni mji wa American, na Qatar anatua pale moja kwa moja kutoka Doha, kwa hiyo watu wa Texas ya kaskazini, Wakongo na Wakenya mliojaa pale, Qatar Privilege Club ndio yenu. Tangu 2022 Qatar wanatumia Avios, ile ile sarafu ya British Airways, na unaweza kuzihamisha baina ya akaunti zako bure. Faida yake ni kubwa zaidi kwa aliyehamia Uingereza kuliko Marekani, kule ukinunua mchele kwenye supamaketi ya Sainsbury's unapata pointi zao za Nectar, na pointi 400 za Nectar ni Avios 250, yaani mtu anakusanya nauli ya Nairobi kwa kununua vitunguu. Mwanafunzi anayeenda kusoma aangalie pia ile Student Club ya Qatar, wanatoa punguzo na mzigo wa ziada, na mzigo ndio maili ya kweli kwa mwanafunzi.

Kenya Airways nao wana mambo yao. Zamani ukipanda KQ ulikuwa mwanachama wa Flying Blue moja kwa moja, baadaye wakaachana wakaanzisha yao wenyewe, Asante Rewards. Jina zuri. Mtu wa Nairobi anayekwenda Mombasa na Kisumu kila mwezi ajiunge bila wasiwasi. Wewe uliyeko New York unayepanda ile ya moja kwa moja ya JFK hadi Nairobi iliyoanza Oktoba 2018, panda kwa raha zako, masaa kama 14 au 15 hushuki popote, lakini maili mimi ningeziandikia SkyMiles zikalale kusikokufa.

Na Emirates nisiwaonee. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeenda Dubai kila baada ya miezi miwili, Skywards ni yake, miaka mitatu kwake ni mingi mno, na Silver ya maili 25,000 anaweza kuifikia. Ndugu waliohamia Dubai, Sharjah na Abu Dhabi kufanya kazi pia, kule kila kitu kimeunganishwa na Skywards. Tatizo ni sisi wa mbali tunaopita tu pale kununua dhahabu ya mama.

Kuhusu kadi za benki. Utafika Marekani na wiki ya pili mtu atakwambia chukua kredit kadi ya shirika la ndege wanakupa maili elfu sitini za kuanzia. Kweli wanatoa, na kweli maili nyingi za Wamarekani zinatoka kwenye kadi sio kwenye ndege. Lakini wewe huna historia ya mkopo, Social Security yenyewe bado ina joto la printa, utaomba utakataliwa na ombi lenyewe linaacha doa. Anza na kadi ya kawaida ya kuweka dhamana, mwaka upite, ulipe yote kila mwezi, halafu ndio uombe. Na ukishapata kadi, zile za pointi za benki yenyewe ambazo unaweza kuhamishia mashirika mbalimbali nazipenda kuliko kadi ya shirika moja, sababu leo uko Minneapolis kesho umepata kazi Houston na Delta yako haina maana tena. Katikati hapo okota vidogo vidogo, mfano tangu 2025 ukiunganisha Uber na SkyMiles safari ya kwenda eapoti inakupa maili moja kwa dola na chakula cha Uber Eats vilevile. Sio nyingi ila hazichachi, nimeshasema.

Majina sasa, hili linatuhusu sisi kuliko mtu yeyote. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu. Pasipoti inaandika hivi, viza inaandika vile, wakala anakata tiketi kwa majina mawili, wewe akaunti umefungua na majina ya Facebook. Mfumo ukiona jina la tiketi na la akaunti havifanani maili haziingii, inakuwa barua pepe za kwenda na kurudi. Kuna shirika moja lilinizungusha kwa sababu jina la babu lilikuwa limeunganishwa na la baba bila nafasi katikati, wakasema ni mtu mwingine, nikatuma picha ya pasipoti, wakasema tuma boding pasi, bahati nzuri nilikuwa sijaitupa. Fungua akaunti na majina kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na ifungue kabla ya ile safari ya kwanza ya kuhamia, maana hiyo ndio ndefu na ndio mnakuwa wengi. Boding pasi kaa nazo mpaka uone maili zimeingia. Ukibadili anwani kutoka Tanzania kwenda Marekani badilisha kwenye akaunti ile ile, usifungue ya pili, akaunti mbili za mtu mmoja wakigundua wanaweza kufunga zote.

Watoto nao wafungulie. Mtoto akishafika miaka miwili anakata kiti chake na analipiwa nauli, basi na maili ni zake, watu wanaziacha hewani. Hapa ndipo programu zinatofautiana sana na ndipo SkyMiles inaponikera. Emirates wana My Family, watu mpaka wanane mnachanga maili kapu moja. Aeroplan pia mpaka wanane. United walianzisha yao 2024, watu watano bure. Delta wao ukitaka kuhamisha maili kutoka kwa mtoto kuja kwako wanakutoza senti moja kwa kila maili na dola 30 juu yake, yaani maili 10,000 unalipa dola 130, wizi wa mchana. Kama mko familia ya watano na uwanja wenu una United na Delta wote kwa bei sawa, hicho kipengele peke yake kingetosha kunipeleka United.

Njia ya kuizunguka ipo lakini, Delta hawakatazi kumkatia mtu mwingine tiketi kwa maili zako, hata kama mna majina tofauti, na tiketi za njia moja moja zinaruhusiwa. Kwa hiyo mama mkwe alipokuja, akaunti ya mke wangu ilikata ya kuja na yangu ikakata ya kurudi, hakuna aliyehamisha chochote, tukalipa kodi za viwanja tu na yeye akaja na mabegi yake mawili.